Achille Lauro: meli iliyobadili jina, njia na sheria za bahari

Msikilizaji, ifikapo mwezi wa Novemba, wakati kaskazi inapojiandaa kuvuma katika pwani yetu, Mombasa na Unguja huanza kupokea wageni wa aina yake. Ni meli ndefu nyeupe, zenye madirisha mamia kwa mamia. Hufika alfajiri, hufunga gatini au hutia nanga nje, huteremsha abiria waliovaa kofia na miwani ya jua, na magharibi ikiingia huwa zimekwisha kung'oa nanga na kutokomea. Watu huziita meli za watalii. Wengi wetu huzitazama kama tunavyoitazama ndege ipitayo juu: ni ya watu wengine, ilikotoka hatukujui, na iendako hakutuhusu.

Juma hili napenda tuzungumzie meli moja tu kati ya hizo. Haikuwa kubwa kuliko zote, wala haikuwa nzuri kuliko zote. Lakini ukiifuata njia yake, tangu mkuku wake ulipolazwa hadi ilipozama, utaona mambo mengi ya karne iliyopita yakipita mbele ya macho yako: ukoloni na kuanguka kwake, wahamiaji waliokwenda kutafuta maisha, ndege zilizozinyang'anya meli abiria wao, ugomvi wa Mashariki ya Kati, na sheria ambayo leo inafanya kazi hata katika mahakama za pwani yetu. Na mwisho wa meli hiyo haukuwa mbali na sisi. Ilizama katika maji ya jirani zetu, nje ya pwani ya Somalia. Jina lake ni Achille Lauro.

Tuanze mwanzo. Meli hii haikuzaliwa na jina hilo, wala haikuzaliwa Italia. Mkuku wake ulilazwa mwaka 1939 katika kiwanda cha kuunda meli cha De Schelde, mjini Vlissingen, Uholanzi. Mwenye kuiagiza alikuwa kampuni ya Rotterdamsche Lloyd, iliyokuwa ikisafirisha abiria na barua kati ya Uholanzi na makoloni yake ya Mashariki, nchi ambayo leo tunaiita Indonesia. Kabla kazi haijafika mbali, vita kuu vya pili vikazuka, na mwaka 1940 Wajerumani wakaiteka Uholanzi. Kwa miaka mitano ile meli ikabaki kiunzi cha chuma.

Katika kipindi hicho, Wajerumani walikuwa na desturi ya kuwakamata watu mashuhuri na kuwaweka mateka, ili wananchi wasithubutu kuwapinga. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa mkuu wa kampuni ile ile, bwana Willem Ruys. Agosti 1942, baada ya wapinzani kujaribu kulipua reli mjini Rotterdam, Wajerumani waliwapiga risasi mateka watano, naye akiwa mmojawapo. Vita vilipokwisha, meli ikamaliziwa, ikashushwa majini mwaka 1946, na ikapewa jina la marehemu: Willem Ruys. Desemba 1947 ikang'oa nanga Rotterdam kwa safari yake ya kwanza.

Ilikuwa meli ya kuvutia kwa wakati wake. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 192. Iliendeshwa na injini nane za dizeli, na mwendo wake ulifika karibu kilomita 40 kwa saa, jambo ambalo si dogo kwa chombo cha tani 21,000. Hapa yafaa tueleze kidogo, maana wengi hudhani kwamba tani za meli ya abiria ni uzito wake. Sivyo. Ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani yake. Ukisikia meli ina tani 21,000, fahamu kwamba unaambiwa ukubwa wa nyumba, si uzito wa mawe yaliyoijenga. Kwa kulinganisha tu, meli kubwa ya kitalii iliyoanza safari mwaka 2024, iitwayo Icon of the Seas, ina tani zaidi ya 248,000. Ndani yake zingeingia Willem Ruys kumi na zaidi.

Jambo jingine lililoitofautisha ni mashua zake za kujiokolea. Meli nyingine za wakati ule zilizitundika juu kabisa, kwenye sitaha ya juu. Hii ilizibeba chini zaidi, zikiwa zimeingizwa ubavuni, ili zisiwe na safari ndefu ya kuteremka hadi majini. Leo karibu meli zote kubwa za kitalii zimejengwa hivyo. Liweke hilo akilini, msikilizaji, maana tutalirudia.

Njia ya Willem Ruys ilikuwa ile ile ya wakoloni wote wa Mashariki: kutoka Ulaya, kupita mfereji wa Suez, kushuka Bahari ya Shamu, kuikata Bahari ya Hindi hadi Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Kwa bahati mbaya ya wenye meli, njia ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati hata kabla ya safari ya kwanza. Waindonesia walikuwa wametangaza uhuru wao Agosti 1945. Uholanzi ilipigana, ikashindwa kuwarudisha chini ya amri yake, na Desemba 1949 ikakubali yaishe. Meli iliyoundwa kuwapeleka watawala ikawa inawarudisha kwao. Mwishoni mwa mwaka 1957, katika mzozo juu ya Irian ya Magharibi, Indonesia ikazitwaa kampuni za Kidachi, na njia ile ikafa kabisa.

Kabla ya hapo, Januari 1953, meli hii iligongana na meli nyingine ya Kidachi, iitwayo Oranje, katika Bahari ya Shamu. Ilikuwa mazoea ya meli za taifa moja zikikutana baharini kupishana kwa karibu, ili abiria wapungiane mikono. Siku hiyo zilikaribiana kupita kiasi. Omo la Oranje likabondeka vibaya, lakini kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Tangu hapo mazoea hayo yalipigwa marufuku na wengi.

Sasa meli haina koloni la kwenda. Ifanye nini? Ilitafutiwa abiria wengine. Miaka hiyo watu wa Ulaya, waliochoshwa na umaskini wa baada ya vita, walikuwa wakihamia Australia na New Zealand kwa maelfu. Kuanzia mwaka 1959, Willem Ruys, iliyokuwa imekwisha kufanyiwa matengenezo, ikaingia katika safari za kuizunguka dunia: kupitia Suez kwenda Australia na New Zealand, kisha kurudi Ulaya kupitia mfereji wa Panama. Abiria wengi walikata tiketi ya kwenda tu.

Mwaka 1964 Waholanzi wakaiuza, pamoja na ile Oranje waliyogongana nayo. Mnunuzi alikuwa tajiri wa meli wa Naples, Italia, aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Jina lake Achille Lauro. Meli moja akaipa jina lake mwenyewe, na nyingine akaipa jina la mkewe, Angelina Lauro. Mwaka 1965, wakati Achille Lauro ikifanyiwa matengenezo mjini Palermo, ilishika moto. Ikatengenezwa upya, na mwaka 1966 ikaanza safari za kutoka Genoa kwenda Sydney, ikiwapeleka wahamiaji wa Kiitalia.

Basi, msikilizaji, mambo mawili yakatokea karibu kwa pamoja. La kwanza, Juni 1967 vita vya Waarabu na Israel viliufunga mfereji wa Suez, na haukufunguliwa tena hadi Juni 1975. Kwa miaka minane, meli zilizokuwa zikipita hapo zililazimika kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. La pili, Januari 1970 ndege kubwa ya Boeing 747 ilianza kuchukua abiria. Mtu aliyekuwa akisafiri baharini kwa majuma kadhaa kwenda Australia sasa angefika kwa siku moja au mbili, tena kwa nauli inayopungua mwaka hadi mwaka. Mahakama ya soko haina rufaa. Katika miaka michache, meli za safari ndefu zikabaki bila abiria.

Hapo ndipo ilipozaliwa biashara tunayoiona leo. Tofauti yake na ile ya zamani ni kama tofauti ya basi la abiria na basi la kukodi la kwenda matembezini. Basi la abiria lina kazi ya kukutoa hapa na kukufikisha pale. Basi la matembezi hukuzungusha, kisha hukurudisha ulikopandia au karibu na hapo, na umelipia huko kuzungushwa. Meli ya kitalii ni hoteli inayotembea: usiku inasafiri wageni wakiwa wamelala, mchana inafunga bandarini waende kutembea. Haishindani tena na ndege. Mara nyingi ndege ndiyo inayomletea abiria.

Na ndiyo sababu njia zake hufuata majira. Kiangazi cha Ulaya meli hizo hujaa katika Bahari ya Mediterania. Baridi ikianza, mwenye meli haachi hoteli yake ikae tupu. Nyingine huvuka Atlantiki kwenda visiwa vya Karibi. Nyingine hushuka kusini, kupitia Suez, Bahari ya Shamu, pembe ya Afrika na Shelisheli hadi Durban, kwani Novemba huko Afrika Kusini ndiyo joto linaanza. Majahazi ya babu zetu yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa sababu ya upepo. Meli hizi hazijali upepo, lakini nazo zina kaskazi yake: baridi ya Ulaya ndiyo inayozileta, na joto la Ulaya ndilo linaloziita nyumbani.

Achille Lauro, na rangi yake ya buluu ubavuni, iliingia katika maisha hayo mapya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haikuwa meli ya bahati. Mwaka 1975 iligongana na meli ya mizigo katika mlango wa bahari wa Dardanelles, na ile ya mizigo ikazama. Mwaka 1981 ilishika moto tena. Mwenzake, Angelina Lauro, alikwisha kuungua mwaka 1979 akiwa bandarini katika visiwa vya Karibi. Lakini yote hayo ni madogo mbele ya yaliyotokea Oktoba 1985.

Tarehe 7 Oktoba mwaka huo, Achille Lauro ilikuwa imetoka Alexandria kuelekea Port Said, Misri, katika matembezi ya kawaida ya Mediterania. Abiria wengi walikuwa wameteremka Alexandria kwenda kuziona piramidi, nao wangeipanda tena meli mbele ya safari. Ndani walibaki watu wapatao 400, wengi wao wakiwa mabaharia na wafanyakazi. Vijana wanne wenye silaha, wa kikundi cha Kipalestina kiitwacho PLF, waliokuwa wamepanda Genoa kama abiria wengine, wakaiteka meli. Walitaka Israel iwaachilie Wapalestina 50 waliokuwa magerezani. Wakaamuru meli iende Tartus, Syria. Wasyria wakakataa kuipokea.

Tarehe 8 Oktoba watekaji wakamwua abiria mmoja, Leon Klinghoffer, Mmarekani Myahudi mwenye umri wa miaka 69, aliyekuwa akitembea kwa kiti cha magurudumu. Walimpiga risasi, wakaamuru atupwe baharini pamoja na kiti chake. Alikuwa safarini na mkewe. Yapo mengi ya kusemwa juu ya haki ya Wapalestina, na wengi katika Afrika wamekuwa wakiiunga mkono kwa miaka mingi. Lakini hakuna haki inayotetewa kwa kumwua mzee asiyeweza hata kusimama. Kitendo kile kilikitia doa kile walichosema wanakipigania.

Tarehe 9 watekaji wakajisalimisha Port Said, kwa ahadi ya kuondoka salama. Usiku wa tarehe 10, ndege ya Misri iliyowabeba ilizingirwa angani na ndege za kivita za Marekani, ikalazimishwa kutua Sigonella, kisiwani Sicily. Pale uwanjani askari wa Marekani na askari wa Italia wakakabiliana kwa bunduki, wao kwa wao, wakigombea nani awachukue watu wale. Wamarekani wakarudi nyuma. Watekaji wakashitakiwa Italia, na mwaka 1986 mahakama ya Genoa ikawahukumu vifungo virefu. Lakini Abu Abbas, mkuu wa kikundi chao, aliyekuwa katika ndege ile ile, aliachiwa na Italia akaondoka. Jambo hilo liliitikisa serikali ya Waziri Mkuu Bettino Craxi hadi ikajiuzulu kwa muda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Wanasheria walipokaa kuitazama kesi ile, waligundua pengo kubwa. Watu wengi walisema huo ni uharamia. Lakini kwa sheria ya kimataifa uharamia una masharti yake. Ni lazima liwe tendo la bahari kuu, lifanywe kwa manufaa ya mtu binafsi, na liwe la chombo kimoja dhidi ya chombo kingine. Vijana wale hawakutoka chombo kingine. Walipanda kwa tiketi. Wala hawakutafuta fedha. Madai yao yalikuwa ya siasa. Kwa maneno mengine, mtu angeweza kuiteka meli, akaua, kisha akakimbilia nchi yoyote, na nchi hiyo ikasema haina sheria ya kumshika.

Italia, Austria na Misri zikapeleka pendekezo katika Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari, IMO. Tarehe 10 Machi 1988, mjini Roma, ukapitishwa mkataba wa kuzuia vitendo haramu dhidi ya usalama wa safari za baharini. Ulianza kufanya kazi mwaka 1992. Kiini chake ni chepesi kueleweka: nchi iliyojiunga, ikimpata mtu aliyeiteka au kuishambulia meli, ama impeleke kwa nchi inayomtaka, ama imshitaki yenyewe. Hakuna njia ya tatu. Kenya na Tanzania nazo zimejiunga na mkataba huo.

Huenda msikilizaji ukauliza: mkataba wa Roma unamhusu nini mtu wa Likoni au wa Kariakoo? Unamhusu. Wimbi la maharamia wa Kisomali lilipoinuka baada ya mwaka 2005, tatizo lilikuwa lile lile: manowari za mataifa makubwa ziliweza kuwakamata, lakini nani awahukumu? Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi, waliokamatwa na manowari ya Marekani, kifungo cha miaka saba kila mmoja. Baadaye kesi nyingine zikafuata. Desemba 2008, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1846, likazikumbusha nchi zote kwamba mkataba wa Roma unawapa nguvu ya kuwashitaki watu wa namna hiyo. Sheria iliyotokana na kifo cha mzee mmoja katika Mediterania ikafika hadi baharini kwetu.

Turudi kwenye meli. Kampuni ya Lauro ilikuwa imekwisha kufilisika mapema katika miaka ya 1980. Mwaka 1987 ikachukuliwa na kampuni ya Mediterranean Shipping Company. Jina hilo huenda ukalipitia sikioni tu, lakini herufi zake tatu unazijua vizuri: MSC. Ni zile zilizoandikwa kwenye makontena yanayopita kila siku barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, na ile ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na Gianluigi Aponte, akiwa na meli moja tu, na mojawapo ya njia zake za mwanzo ilikuwa kati ya Mediterania na Somalia. Leo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kusafirisha makontena. Na kitengo chake cha meli za kitalii, ambacho ni miongoni mwa vikubwa duniani, shina lake ni zile meli chakavu za Lauro, Achille Lauro ikiwamo.

Novemba 1994 Achille Lauro iliondoka Genoa ikielekea Durban. Afrika Kusini ilikuwa imefanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote Aprili ya mwaka huo huo, na Ulaya nzima ilikuwa ikitaka kwenda kuiona nchi hiyo mpya. Meli ilipita Suez, ikashuka Bahari ya Shamu, ikaizunguka pembe ya Afrika kuelekea Shelisheli. Ndani yake walikuwamo watu karibu 1,000, wengi wao wazee waliostaafu. Alfajiri ya tarehe 30 Novemba, nje ya pwani ya Somalia, moto ukazuka katika sehemu ya mitambo. Mabaharia wakaupiga kwa saa nyingi, wakashindwa. Nahodha akaamuru watu waiache meli.

Hapo sasa kumbuka zile mashua za ubavuni. Mamia ya wazee waliteremshwa majini, katikati ya Bahari ya Hindi, mbali na bandari yoyote. Mwito wa hatari ulisikika, na meli zilizokuwa karibu zikaacha njia zao zikaja. Ya kwanza kuwafaa watu wengi ilikuwa meli ya mafuta iitwayo Hawaiian King. Baadaye zikafika manowari za Marekani, Gettysburg na Halyburton, kugawana mzigo. Waliokufa walihesabika kwa vidole. Meli yenyewe iliendelea kuwaka, ikilala upande, hadi tarehe 2 Desemba ilipozama, miaka 47 kamili tangu Desemba ile ilipoondoka Rotterdam na jina la Willem Ruys.

Msikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Watu karibu 1,000 katika meli inayowaka, na karibu wote wakatoka hai. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, tena karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia gati ya Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha wakati nchi kavu inaonekana kwa macho.

Ni kweli kwamba moto na kupinduka si mamoja. Meli inayowaka inaweza kukupa siku mbili, bali chombo kinachopinduka hakikupi hata dakika tano. Lakini kwa nini vyombo vyetu hupinduka? Kwa sababu hupakiwa kupita kipimo. Achille Lauro ilikuwa meli kongwe, yenye historia mbaya ya moto, na wapo watakaosema haikustahili kuwa baharini wakati ule. Hata hivyo abiria wake walikuwa na majina kwenye orodha, walikuwa na nafasi katika mashua, na walikuwa na redio iliyosikika. Mambo hayo matatu hayahitaji utajiri wa Ulaya. Yanahitaji mtu wa gatini mwenye ujasiri wa kusema, chombo kimejaa, wewe utangoja kingine. Na yanahitaji abiria ambaye hatamtukana kwa kusema hivyo.

Jambo la pili ni hili. Siku ile ya mwaka 1994 Somalia haikuwa na serikali, nasi majirani hatukuwa na kituo cha kuratibu uokozi wa bahari kwa eneo letu lote. Waliookolewa waliokolewa na wapita njia. Kituo cha kikanda cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 2006, kwa msaada wa IMO, na Dar es Salaam ikapata chake baadaye. Ni hatua. Lakini kituo ni simu na watu. Bila ya boti za kwenda mbio na mafuta ya kuziendesha, kitabaki kupokea habari mbaya na kuzipeleka mbele.

Na njia ile bado haijatulia. Tarehe 5 Novemba 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit, ikitoka Alexandria kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya Somalia kwa bunduki na makombora. Ilikimbia, ikaenda Shelisheli badala ya Mombasa. Aprili 2009 MSC Melody, meli ya kampuni ile ile iliyokuwa na Achille Lauro, ikirudi Genoa kutoka Durban, ilishambuliwa kaskazini ya Shelisheli. Walinzi wake wakawafukuza maharamia kwa kufyatua bastola. Tangu Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni kadhaa za watalii zilifuta safari za kupita huko, na meli nyingi zikarudi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kama ilivyokuwa mwaka 1967.

Kila meli inapobadili njia namna hiyo, hesabu yake hulipwa na watu ambao majina yao hayaandikwi popote: dereva wa teksi aliyekuwa akingoja Kilindini, mchonga vinyago, mwongoza wageni wa Mji Mkongwe, mama aliyenunua viungo vya kuuza katika vifurushi vidogo. Meli haimpigii simu mtu wa namna hiyo kumwambia kwamba haiji. Yeye huona tu kwamba asubuhi imefika na bandari ni tupu. Na mwenye biashara inayotegemea mgeni wa saa nane, anayekuja kwa njia inayopita kwenye vita vya watu wengine, hana budi kuwa na shughuli nyingine ya kumshika.

Basi, siku utakapopita Feri au Forodhani ukaiona meli nyeupe imesimama, usiitazame kama ndege ipitayo. Mlango wa gati umewekwa mlinzi wa kuuliza kitambulisho kwa sababu ya kanuni za usalama wa bandari zilizoanza Julai 2004, na mizizi ya kanuni hizo inarudi nyuma hadi kwa yule mzee wa kiti cha magurudumu. Mashua zilizopangwa ubavuni mwake zina ukoo na zile za Vlissingen. Na siku ikipata shida huko nje, mwito wake utapokelewa na kijana wetu wa Mombasa au Dar es Salaam aliyekaa zamu usiku. Tumpe vyombo vya kumwezesha kuitika.

Hadi juma lijalo, kwaherini.